Kimulimuli Anayejibu Mapema

Sharifa mwanangu,

Umekwenda Kimara kumuaga shangazi yako, na nyumba imekuwa kimya kwa namna ambayo sijaizoea. Baba yako yuko uani anagonga patasi. Mie nimekaa mezani kwenye kiti chako, nimechana karatasi za katikati ya daftari langu la Kiswahili, na mwalimu wangu wa masomo ya jioni atanisamehe. Yeye anasema barua nzuri haijazi ukurasa kwa salamu. Basi sikusalimii, tumesalimiana asubuhi. Wala sitaandika habari za neti, soksi nzito, na maji ya kuchemsha. Shangazi yako hivi sasa anakwambia yote hayo, na niliyoyasahau, na mengine ambayo hayapo duniani. Mie nina neno moja tu, ila limenipiga chenga miaka mingi, kwa hiyo litachukua nafasi.

Linaanzia kwenye lile ulilosema Jumapili.

Nilikuwa nakunja khanga zako kitandani. Nikakwambia nimeshapanga kila kitu: nitakusindikiza mpaka Muheza, tutapanda pamoja gari la kwenda Amani, nitaingia na wewe kwenye hicho kituo chenu cha utafiti, nimsalimie mama msimamizi, nimweleze hali yako ya kusema ili asikushangae, kisha nigeuze. Ukaacha kufunga begi. Ukaniangalia.

"Mama, u-u-usi..."

"Usiwe na wasiwasi?" nikasema. "Wala sina wasiwasi, mama."

Ukatikisa kichwa. "U-usi..."

"Usisahau chakula cha njiani? Ntachemsha mihogo."

"U-u-usi..."

"Usichelewe kuamka? Lini mie nimewahi kuchelewa?"

Baba yako alikuwa amesimama mlangoni, vumbi la mti limemjaa kwenye nyusi. Akasema kwa upole, kama anavyosemaga siku zote, "Mama Sharifa, mwache mtoto afike."

Nikafunga mdomo. Ukavuta pumzi, ukafumba macho, ukafika.

"Usije."

Nilikwenda jikoni. Ulinifuata ukaniuliza kama nalia, nikakwambia ni vitunguu. Jikoni mle kulikuwa na birika la chai peke yake. Tangu siku ile tumeongea habari za nguo, za tiketi, za simu yako kukaa na chaji. Hilo neno hatujalirudia. Kesho unaondoka, na sitaki uende ukidhani mama yako amebaki na donge.

Sharifa, ulipoanza kusema, maneno yako yalikuwa yanakuja mbio kama watoto wanaotoka darasani, halafu yanagota mlangoni yote kwa pamoja. Watu walinipa kila dawa. Bibi yako alituma salamu kutoka Newala kwamba nikumwagie maji ya baridi usoni ukiwa hujui, kigugumizi kishtuke kiondoke. Nikafanya. Kigugumizi hakikuondoka, ila ulipata mafua, na kwa wiki nzima kila nilipoinua kikombe ulikuwa unakimbilia chini ya meza. Nikaacha dawa. Nikaamua mie mwenyewe ndiye nitakuwa dawa. Ukigota, nakusukuma. Dukani nilikuwa nakusemea, kwa daktari nakusemea, hata kwa baba yako nakusemea, na yeye yuko palepale. Mama Happy jirani akawa ananitania ukutani, "Jamani Mama Sharifa, wewe ungekuwa redio, fundi angetafuta kitufe cha kuzimia mpaka akaokoka." Nilicheka. Nilidhani ananisifia.

Sasa nikukumbushe yule tuliyemwita bibi harusi.

Baba yako alikuwa amechonga kinyago cha mama aliyempakata mwanawe, kwenye gogo alilolihifadhi uani miaka mingi. Nikakipiga msasa, nikakipaka nta, nikakisugua kwa kitambaa mpaka ukawa unaona dirisha ndani ya paji la uso la yule mama. Kazi yangu si kuchonga, unajua. Kazi yangu ni kung'arisha. Wiki ambayo mteja alikuwa aje kukichukua, tukaanza kusikia sauti ndani ya mti. Kri, kri, kri. Baba yako akatega sikio, akabadilika rangi. Kesho yake mchana, jua limesimama utosini, tundu likafunguka kwenye bega la kinyago na akatoka mbawakawa. Kijani cha chupa, na pembeni ana wekundu kama shaba mpya. Baba yako akashika kichwa, "Kazi imekwisha! Funza kala mti ndani miezi yote hii na mie nachonga juu yake!" Wewe ulikuwa umekaa chini unacheka mpaka ukalala kifudifudi. Alipotaka kuziba lile tundu kwa unga wa mbao na gundi, ulimshika mkono, ukasema ni mlango wa mtu.

Yule mdudu alipokufa nilimweka kwenye chupa ya jemu, na rangi yake haikupungua hata kidogo. Nikampenda kwa hilo. Nikawa nakuonyesha kila asubuhi ninapokupaka mafuta ya nazi miguuni kabla ya shule: "Umemwona? Mtoto wa kike ang'ae hivi. Watu wakikuangalia wasione pa kukosoa." Niliamini kwamba mti wowote unang'aa ukiusugua vya kutosha. Ndiyo kazi niliyoijua. Na wewe nilikusugua.

Ile siku ya wazazi shuleni, ulipokuwa darasa la nne, najua unaikumbuka kuliko mie. Walikupa beti mbili za shairi. Hukuniomba nikufundishe, nilijipa kazi mwenyewe. Jioni zote tulikuwa tunaimba zile beti uani, na ukiimba ulikuwa hukwami. Siku yenyewe nikakuvisha soksi nyeupe, viatu nimevipiga dawa mpaka vinaakisi bendera. Ukapanda jukwaani. Ubeti wa kwanza ukaenda. Wa pili, ukagota kwenye neno la kwanza. Ukumbi mzima ukatulia, na katika ule utulivu mie nikasimama kiti cha nyuma kabisa nikalitaja lile neno kwa sauti. Halafu nikataja la pili. Halafu, Mungu anisamehe, nikamaliza ubeti mzima. Watu wakacheka, wakapiga makofi, mzee mmoja akasema, "Huyu mama naye apewe zawadi." Nikakaa nikijiona nimeokoa jahazi. Wewe ulikuwa bado umesimama pale juu na mdomo wazi. Njiani kurudi nyumbani nilikuuliza kwa nini umenuna, na wewe hukujaribu hata kuanza kujibu. Nikasema moyoni, mtoto ana aibu.

Nilikuja kuelewa mwaka huu tu, tena darasani. Wewe ndiye uliyenishika mkono ukanipeleka kujiandikisha, mie mwanafunzi mwenye mvi kati ya vijana wanaovaa suruali zilizochanika. Mwalimu wa Baiolojia akaniambia nisome aya kwa sauti. Nasoma polepole, unajua. Ninaweka kidole chini ya mstari kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Nikafika kwenye neno refu. Nikaliona. Nikaanza, "M-me-ng'e..." na kijana aliyekaa nyuma yangu, kijana mwema tu, hana baya, akaninong'oneza, "Mmeng'enyo, mama."

Sharifa, lile neno nilikuwa nalijua. Nilikuwa nalifikia. Lilibaki silabi moja, na lilikuwa liwe langu. Alinipa kama mtu anavyompa mtoto sahani, na mie nikalitamka baada yake, likawa halina ladha. Nilimgeukia nikamwambia asante. Kisha nikasoma aya nzima iliyobaki huku machozi yananilengalenga, na darasa likadhani nimeguswa na habari za utumbo mwembamba.

Nilitaka kukwambia usiku uleule. Sikujua nianzeje. Mie, ambaye maneno hayajawahi kunikwama!

Halafu mwezi uliopita umeme ukakatika. Sie watu wa Kinyerezi Mungu ametuchekesha: tunaishi mlangoni mwa mitambo ya kufua umeme, tunalala na mngurumo wake kama mvua, na umeme ukikatika tunakatikiwa na sie. Ilikuwa magharibi imeingia muda si mrefu. Tukatoa mkeka nje, Mama Happy akaja na stuli yake, na kwa sababu taa za barabarani zilikuwa zimezima, kule bondeni kwenye bustani za mchicha wakaonekana vimulimuli. Siku za taa huwa hatuwaoni, tunadhani wamehama.

Mama Happy akakuchokoza. "Sheri, hebu tueleze sie wajinga. Unakwenda msituni kuhesabu wadudu. Hawa wa hapa wamekukosea nini?"

Nami nikachochea. "Mwambie, mama. Kati ya kimulimuli na bibi harusi wetu wa kwenye chupa, nani zaidi?" Nilijua jibu ninalolitaka.

Ukaanza kujibu, ukakwama, na nikahisi neno lako limeshanijia ulimini. Sikulisema. Nilichukua pindo la khanga nikaliuma. Hukuona, kulikuwa giza. Nililiuma tangu mwanzo wa maelezo yako mpaka mwisho, na asubuhi yake nilikuta limetoboka.

Ningependa kuviandika hapa vituo vyako vyote, lakini mwalimu hajatufundisha alama yake. Nitaandika maneno peke yake, na wewe unajua vituo vilikuwa wapi.

Ulisema, "Bibi harusi hana taa, mama. Gamba lake limejengwa tabaka juu ya tabaka, nyembamba kuliko karatasi. Jua likilipiga, linarudi ni kijani. Ndiyo maana amekufa miaka yote hii na bado anang'aa. Kimulimuli yeye anawaka. Taa ni yake, iko tumboni, na yeye akifa nayo inakwenda."

"Basi kwisha maneno," Mama Happy akasema. "Kimulimuli ndiye mwenyewe. Yule mwingine ni saluni tu."

Nikataka kucheka, ila wewe hukucheka. "Hapana, mama mdogo, usimseme vibaya. Yule kakaa ndani ya gogo gizani, miaka, anatafuna mti. Akitoka anapata siku chache za jua. Mwache ang'ae."

Pale nilishtuka. Nilikuwa nimemtazama yule mdudu kwenye chupa miaka yote na sijawahi kuwaza habari za gogo. Nilipenda mgongo wake tu.

Ukaendelea. Ulikuwa umeinuka kidogo, unaonyesha bondeni kwa kidole. "Halafu vimulimuli wako aina nyingi, na wote wanawaka. Dume anapita juu anawaka, jike amekaa kwenye majani. Atamjuaje kwamba huyu ni wa kwake?"

"Kwa mlio wa bodaboda yake," akasema Mama Happy.

Ulicheka mpaka ukakohoa. Kisha ukasema, na hapo ndipo ulipokwama muda mrefu kuliko pote, mpaka Mama Happy akajisogeza kwenye stuli, na mie nikalitafuna lile pindo: "Kwa giza. Kila aina ina pengo lake. Huyu anawaka, anatulia kidogo, anawaka. Yule anawaka mara mbili, anatulia sana. Jike anasubiri pengo litimie, ndiyo anajibu. Akijibu mapema, dume anapita. Anadhani siye."

Nakumbuka Mama Happy alisema taratibu, "Kumbe," akaondoka na stuli yake kwenda kulala. Wewe ulidhani amechoka. Mie nilibaki mkekani nikiangalia kule bondeni.

Akijibu mapema, dume anapita. Mwanangu, mie nimekujibu mapema tangu una miaka mitatu. Uliwaka, ukatulia kukusanya nguvu za kuwaka tena, na katika ule utulivu mama yako akawasha taa zake zote. Ukapita. Ulikuwa unapita mbele yangu kila siku, ukaenda kumwambia baba yako mambo yako uani, kwenye kelele za patasi. Nikawa nawaonea wivu wewe na baba yako, nikijiuliza anakupa nini yule mtu asiyesema. Kumbe alikuwa anakupa pengo.

Hata siku walipokupigia simu ya usaili alinitoa kwa hila. "Njoo unishikie hili gogo." Gogo lilikuwa limelala chini, halihitaji kushikwa na mtu. Nililishika. Dirishani nilikuwa nasikia kimya chako, kirefu, halafu neno, halafu kimya. Nikamwambia baba yako, "Wanamkatia simu yule." Akasema, "Shika gogo." Ulipotoka umechukuliwa, nilifikiri wamekuonea huruma. Sasa nafikiri yule mama msimamizi wa upande wa pili wa simu amezoea kukaa msituni akisubiri mapengo yatimie, na hakuona ajabu.

Namba yake ninayo. Uliniachia kwa ajili ya dharura. Leo asubuhi ulipokuwa unaoga nilikaa na simu mkononi, sentensi yangu nimeshaipanga: Shikamoo mama, mwanangu anakuja, ni mtoto mzuri, ila ana shida kidogo ya... Nikaishia hapo, kwenye "shida kidogo ya." Nikaona hiyo nayo ni nta. Nakupaka kabla mtu hajauona mti wako. Nikaiweka simu juu ya kabati nikaenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Sitampigia. Wala siji Muheza. Nimeshamwambia baba yako, akasema, "Vizuri," akarudi kwenye patasi yake. Ila nilimwona amejifuta macho kwa mkono wenye vumbi, na sasa lile jicho limemvimba, kwa hiyo ukirudi leo usimuulize.

Sikwambii kwamba itakuwa rahisi. Kuna mtu huko atakucheka. Kuna mwingine, mwema kama yule kijana wa darasani kwangu, atakumalizia neno, na mara nyingine atapatia. Akipatia usione haya kulisema tena mwenyewe, taratibu, kama vile hajasema kitu. Ni lako. Mie sikuwahi kukupa nafasi ya kufanya hivyo, ukajifunza kutikisa kichwa tu na kukubali neno lolote lililokaribia. Nimewaza ni mara ngapi ulikula chakula ambacho hukukitaka kwa sababu mie ndiye niliyemaliza jina lake.

Na usije ukaogopa kung'aa pia, kwa sababu nimeyasema haya. Siku ukijisikia kupaka mafuta ukavaa lile gauni la kijani, livae. Nilikosea kukusugua, sikukosea kukuona mzuri.

Ukinipigia simu, piga. Ukikwama, sitasema "halo, halo, mtandao" kama ninavyofanyaga. Ule haukuwa mtandao, na mie nilijua. Nitakaa kimya, na utasikia patasi ya baba yako nyuma yangu, ujue nipo. Sitaweza kila siku. Mie ni mie. Siku nikisahau nikakurukia, nikatie simu. Nitaelewa, na nitanuna, kisha nitakupigia.

Nimebakiwa na jambo moja ambalo sijawahi kukuomba radhi, kwa sababu silo kosa, ila linaniuma. Neno linalokukwamisha kuliko yote ni jina lako mwenyewe. Ile "Sh" ndiyo mlango mgumu kwako kuliko milango yote, na mie ndiye niliyekuchagulia, sikujua. Kwa hiyo wewe hujawahi kujitaja. Shuleni, hospitali, msibani, kila mtu aliyeuliza "anaitwa nani huyu?" alijibiwa na mie.

Kesho alfajiri kwenye stendi ya Mbezi, karani atasimama mlangoni mwa basi na orodha yake, atauliza jina la msafiri. Nitakuwa nyuma yako, nimebeba begi. Watu watasukumana, mtu atapiga mluzi, dereva ataungurumisha injini kidogo kututisha. Karani ataona umechelewa kujibu, atainua macho aniangalie mie, kwa sababu watu huwa wanamwangalia mama. Atanikuta naangalia matairi.

Simama hapohapo, mwanangu, useme jina lako. Basi litangoja.

Mama yako,
Mwanaidi